Moshi mu foto ya fataki: uipunguze na nini?

Kila bonane ikipita ni ile ile, bantu banaanza kutuma foto za fataki mu groupe za WhatsApp na nusu ya foto ni moshi. Fataki yenyewe iko muzuri, rangi yote iko, lakini nyuma yake kuko wingu ya kijivu ao ya machungwa yenye inakula mbingu yote, na muntu anauliza "bandugu, hii naitosha na nini?" Majibu inakuwaka paka moja: ingia mu Lightroom, ile aplikasyo ya kutengeneza foto, tafuta dehaze, kidude cha kutosha ukungu, ile yenye mu kifaransa imeandikwa "Correction du voile", sukuma mpaka mwisho. Mi sikubali. Njia ziko mingi, kila moja iko na fasi yake, na dehaze peke yake naiweka karibu ya mwisho. Kwa hiyo hapa nazilinganisha moja kwa moja, uone ile yenye inafaa foto yako na mashini yenye uko nayo.

Kwanza tuelewane hii moshi ni kitu gani mu foto. Baruti nyeusi, ile yenye inarusha fataki juu, ni salpetri karibu 75 kwa mia, makala 15, salfa 10, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito haigeuke hewa, inabakia vumbi ndogo ndogo yenye inaelea, njo ile tunaita moshi. Na ile vumbi inavuta maji ya mu hewa. Njo maana fataki za bonane hapa Lubumbashi, katikati ya mvua, hewa imelowana na upepo hakuna, moshi inasimama pale juu sawa haina fasi ya kwenda. Za tarehe 30 juni, mu kiangazi, inaondokaka mbio zaidi, hata kama kiangazi nayo inaleta vumbi na moshi ya pori zenye banachoma.

Lakini kwa mwenye kutengeneza foto kitu cha maana ni hii: moshi haina mwangaza yake. Inaangaziwa na fataki na taa za barabara, basi, kwa kawaida, haiwezi kuwaka kushinda fataki yenyewe. Ukihesabu mwangaza kutoka 0, nyeusi kabisa, mpaka 255, nyeupe kabisa, mistari ya fataki mara mingi iko juu ya 180, moshi iko chini, tuseme kati ya 25 na 90, na mbingu safi iko chini zaidi. Ile nafasi kati ya moshi na fataki njo tunatumikia. Njia yenye inaheshimu ile nafasi itakupa foto muzuri, yenye inachanganya vyote pamoja itakuharibia.

Shida inabakia fasi moja tu, pale karibu na roho ya fataki, kwenye moshi inapigwa mwangaza ya karibu na inawaka nayo. Pale hakuna njia yenye inatosha moshi yote bila kugusa fataki, akuambie nani.

Uko na foto moja ao uko na mingi za fasi moja?

Hii swali njo ya kwanza, mbele ya swali ya aplikasyo. Kama kamera ilikuwa ju ya trepie, ile miguu mitatu ya kamera, na haikusogea, na uko na foto kama nane ao kumi za ile fasi, wewe uko tajiri, usipoteze wakati kusafisha foto moja moja. Panga foto juu ya nyingine, kila moja tabaka yake, kisha badilisha namna tabaka zinachanganyika: mu GIMP, programu ya ordinatere, ya kifaransa, unatafuta "Éclaircir seulement", mu Photoshop "Éclaircir". Kazi yake ni nyepesi kueleza. Kwa kila pikseli, nukta ndogo ya foto, programu inaangalia tabaka zote, rangi kwa rangi, na inachukua ile yenye mwangaza kushinda, zingine inaacha. Mbingu nyeusi inapoteza, mustari ya fataki inashinda.

Sasa hapa njo bantu mingi banakosea. Banafikiri ile mode inatosha moshi. Haitoshe. Moshi nayo iko na mwangaza kushinda mbingu nyeusi, basi foto moja ikiwa na moshi upande wa kushoto na nyingine upande wa kuume, ukizichanganya unapata moshi pande zote mbili. Afadhali kidogo kuliko mode ya "Écran" yenye inaongeza mwangaza ju ya mwangaza, pale moshi ya foto tano inajumulika inakuwa ukuta nyeupe. "Éclaircir" haijumulishe, lakini haisafishe.

Yenye inasafisha ni mambo mbili zenye unafanya mbele. Ya kwanza ni foto ya musingi: piga foto moja ao mbili mbele fataki ianze, mbingu ikiwa safi, nyumba na miti na taa vikionekana muzuri. Ile njo tabaka ya chini. Ya pili, kila foto ya fataki yenye unaleta ju yake, ishushe kwanza na kurbe, ile mustari ya kupanga mwangaza yenye naeleza hapo chini, mpaka moshi yake iwe nyeusi kushinda mbingu ya ile foto ya musingi. Moshi ikishuka chini ya mbingu safi, mode ya "Éclaircir" inaikatala yenyewe, pikseli kwa pikseli, bila wewe kupaka kitu. Fataki inabakia juu ya giza yenye haijaguswa, nyumba zinabakia na mwangaza yake ya kawaida juu zinatoka ku tabaka ya musingi. Hakuna kidude cha dehaze chenye kinakupa ile, hata ulipe.

Na kama kuko moshi yenye inakatala kushuka, ile ya karibu na fataki, weka maski nyeusi, yenye inaficha yote, ju ya ile tabaka kisha paka nyeupe, yenye inarudisha, na burashi laini paka fasi mistari inapita. Inachukua wakati, ni kweli. Lakini unafanya kwa fataki tatu ao ine zenye unapenda, siyo kwa zote. Ushauri yangu ni usichanganye fataki kumi mu foto moja hata kama uko nazo. Inakuwa soko, macho haijue ishikie wapi. Mbili kubwa na ndogo moja ya pembeni inatosha.

Ku telefone inawezekana pia, aplikasyo ya Snapseed iko na kile kidude cha kuchanganya foto mbili, chagua mode ya kuangazia na usukume opasite mpaka ile ya pili ionekane yote. Unafanya mbili, unasevu, unaongeza ya tatu, unasevu tena. Lakini kila kusevu ya JPEG, ile foto yenye inakamuliwa, inakula ubora kidogo, basi kwa foto mbili ni sawa, kwa sita enda ku ordinatere.

Mubaya ya hii njia: inaomba trepie. Foto zenye ulipiga na mukono hazitalingana, nyumba zitakuwa na kivuli mbili mbili, na kuzilinganisha usiku ni mateso. Kama haukukuwa na trepie, pita hapa, soma chini.

Foto moja: kurbe ao dehaze?

Hapa njo vita yenyewe, juu wengi wetu tuko na foto moja tu, ya telefone, ya JPEG.

Dehaze ilifika mu Lightroom mwaka wa 2015, na wazo ya hizi vidude vya kutosha ukungu bantu banaijua zaidi kupitia kazi ya Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang ya mwaka wa 2009. Balionyesha hivi: mu foto ya inje ya mchana yenye haina ukungu, ukiacha mbingu, karibu kila fasi ndogo iko na pikseli zenye angalau rangi moja kati ya nyekundu, kijani na bluu iko karibu na zero. Kama hakuna, ni ukungu njo umeongeza mwangaza, basi unaweza kukadiria ni kiasi gani na kuitosha. Ni akili sana. Lakini angalia mwenyewe: ya mchana, ukiacha mbingu, na ukungu wenye rangi moja. Foto ya fataki ni usiku, karibu yote ni mbingu, na moshi iko nyekundu huku, kijani kule, machungwa chini kwenye taa. Ile hesabu inapotea njia. Programu inakuwa inabahatisha, na kile inabahatisha unaona: rangi zinalewa, bluu ya mbingu inakuwa zambarau, pembeni ya mistari kunatokea duara nyeusi, na zile chembe chembe za telefone zinatoka zote sawa mchanga. Moshi nayo, badala ya kuondoka, mara ingine inapata mikunjo, inaonekana zaidi kuliko mbele! Juu dehaze inaongeza tofauti ya mwangaza fasi kwa fasi, na moshi ya fataki haiko laini, iko na mawimbi, kwa hiyo yale mawimbi njo inakazia.

Kurbe haina akili yoyote na njo uzuri yake. Inafanya paka kile umeambia. Fungua kurbe, mu Snapseed iko, mu Lightroom ya bure iko, mu GIMP iko, utaona mustari ya kupanda kutoka pembe ya chini kushoto mpaka pembe ya juu kuume. Gusa mustari pale robo ya kwanza, kushoto, ukokote chini polepole huku macho iko ku moshi, siyo ku kurbe. Moshi itazama. Mistari ya fataki nayo itaanza kufifia, basi weka pointi ya pili pale theluthi ya juu na uirudishe fasi mustari ilikuwa, hata juu kidogo. Umemaliza. Umepata kama herufi S yenye tumbo nzito chini. Kama nyumba na bantu ba chini ya foto banapotea mu giza, tutaona hapo mbele kidogo namna ya kubaokoa.

Nikiziweka upande kwa upande ku foto moja ya telefone, tuseme ua moja ya kijani yenye imefunguka na moshi ya mbele imebakia upande wa kushoto: na dehaze ya 60 moshi inapungua karibu nusu lakini kijani inakuwa ya plastiki na mbingu inajaa madoa ya mraba mraba ya JPEG, na kurbe moshi inapungua zaidi, kijani inabakia ile ile, mbingu inakuwa nyeusi safi, na kile unapoteza ni mikia ya fataki, zile cheche za mwisho zenye zinaanguka zikifa, juu mwangaza yake iko sawa na ya moshi. Hiyo njo bei ya kurbe na nasema wazi. Kama fataki yako ni ile yenye inaanguka chini sawa machozi, yenye nywele ndefu za dhahabu, kurbe kali itaikata nywele.

Dehaze inafaa kwa nini basi? Kwa moshi yenye imeisha kutawanyika, ile yenye haina tena umbo, imebakia utando sawa sawa ju ya foto yote. Pale iko karibu na ukungu ya kweli na inafanya kazi yake. Anza na kurbe, kisha weka dehaze ya 10 ao 15, kwa nadra 25, na ukiweka shusha satirasyo, ni kusema nguvu ya rangi, kidogo. Ku 40 na zaidi mi sijaona foto ya fataki yenye ilibakia na heshima.

Kama kamera yako inapiga RAW, ile foto yenye kamera haijakamua, piga RAW, hapa njo inalipa. JPEG iko na ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya bit 12 iko na 4096, ya bit 14 iko na 16384. Ukivuta kurbe chini, zile ngazi kidogo za JPEG zinaachana na mbingu inapata mistari sawa ngazi za nyumba. Telefone mingi za leo nazo zinaweza kupiga RAW, ingia mu mode pro uangalie.

Kushusha fasi kwa fasi

Kurbe inashika foto yote, na foto yote haina moshi. Ni sawa kuvuta blanketi yenye batoto batatu banalalia, unavuta kwa mumoja bote banaamka. Kwa hiyo kama moshi iko upande moja tu, usiguse foto yote.

Ku telefone, kidude chenye napenda kushinda ni "Sélectif" ya Snapseed, na ni bure. Unagusa katikati ya moshi, inaweka pointi, unafungua vidole viwili kupanua duara yake, kisha unashusha mwangaza na satirasyo. Haishushe duara yote bila macho, inatafuta rangi yenye inafanana na ile uligusa, basi mistari ya fataki yenye inapita mule ndani inabakia karibu bila kuguswa. Weka pointi tatu ine ndogo ndogo ju ya wingu moja, usiweke moja kubwa. Na kama kuko uso ya muntu karibu, weka pointi ingine ju ya uso bila kubadilisha kitu, inakuwa sawa mulinzi, ile ya moshi haitavuka.

Lightroom nayo iko na maski za kuchagua kwa mwangaza: unaambia chukua paka kati ya ngazi hii na hii, na moshi yote inashikwa bila wewe kupaka. Ni safi kuliko Snapseed, mikingo yake ni laini. Lakini ku telefone maski zile bataomba ulipe, na hapa swali ya karte ya benki inaingia.

Nyumba na bantu zenye zilipotea mu giza ya kurbe unazirudisha vile vile: mu Snapseed fungua orodha ya kazi ulifanya, gusa kurbe, chagua burashi, na upake kurbe paka fasi ya mbingu. Chini inabakia vile ilikuwa. Hii bantu mingi hawajui kama iko na inaokoa foto mingi sana za arusi, pale kwenye fataki iko juu ya salle na familia yote imesimama chini.

Rangi ya moshi nayo inasaidia, mara ingine

Moshi yenye inaangaziwa na taa za barabara inakuwaka machungwa. Kama fataki yako ni bluu ao kijani, shusha satirasyo na mwangaza ya machungwa peke yake, moshi inakufa na fataki haijue kitu. Dakika moja imeisha. Lakini fataki za dhahabu, zile zenye rangi inatoka ku makala na chuma, ziko mu ile ile machungwa, ukishusha unazizima. Nyekundu ya strontiamu iko katikati, jaribu kidogo kidogo. Kijani ya bariamu na bluu ya shaba ziko salama.

Kufutisha na akili bandia

Ile ya kupitisha kidole na moshi inapotea. Sitakaa hapa sana. Hivi vidude balivitengenezea vitu vyenye mipaka, muntu nyuma, waya ya umeme, chupa ju ya meza. Moshi haina mupaka, na fataki iko ndani yake, siyo mbele ao nyuma. Ukifutisha, programu inatosha moshi pamoja na cheche kisha inachora cheche zingine zenye hazikuwako, na ukikuza foto unaona mistari zinaanzia hewani na haziendi fasi. Kwa wingu ndogo yenye iko peke yake pembeni, mbali na fataki, sawa, futa. Kwa ingine hapana. Tena zile zenye nguvu zinaomba intaneti, foto inapanda kwanza inarudi, hesabu mega zako.

Na kama foto ni ya habari, acha kabisa. Mashirika kama Reuters na AFP hayakubali uongeze ao utoshe kitu mu foto. Kurekebisha mwangaza kidogo banaelewa, kuchora mbingu mupya hapana. Ile ya kupanga foto mingi juu ya nyingine nayo haiko foto ya habari, hata kama ni muzuri ya kutundika ku ukuta. Kwa mukubwa wa arusi ao kwa kalenda ya kampuni, hakuna mwenye atakuuliza.

Mashini, feza na kuriya

Snapseed ni bure, GIMP ni bure, Lightroom ya telefone iko na upande wa bure wenye unatosha kwa kurbe na dehaze. Photoshop ni kulipa kila mwezi na karte, na lazima mara kwa mara iingie intaneti kuhakikisha umelipa. GIMP unaipakua mara moja, mega ziko mamia, omba muntu mwenye wifi ku kazi akuwekee mu kle, kisha inatumika bila intaneti milele. Kwa hii kazi ya fataki mi sioni kitu Photoshop inafanya chenye GIMP haifanye, isipokuwa uko na haraka na mikono yako imeisha kuzoea.

Lakini ujue tabaka zinakula memori. Foto ya megapikseli 24, byte ine kwa kila pikseli, ni karibu mega 96 kwa tabaka moja, kumi ni karibu giga nzima, mbele hata programu ihesabu kumbukumbu yake ya kurudi nyuma. Ordinatere ya giga 4 italia. Punguza foto nusu kwanza kama ni ya WhatsApp tu, hakuna mwenye atajua. Na sevu kila tabaka ikiisha, juu kuriya ya kwetu haitoe habari mbele ya kukatika na batri ya laptop ya zamani unajua mwenyewe.

Moshi kiasi gani uache?

Swali hii hawaulize na inanishangaza, juu njo inagawanya foto muzuri na foto yenye imekufa. Chukua foto yenye iko na shimine ya Gécamines, ile kampuni ya migodi ya hapa Lubumbashi, na mulima yake nyeusi mbele, fataki nyuma. Kile kinakuonyesha ile shimine ni nini? Ni moshi! Moshi yenye imepigwa mwangaza nyuma yake njo inachora umbo yake. Tosha moshi yote, shimine nyeusi inaingia mu mbingu nyeusi na haipo tena, umebakia na ua ya rangi inaelea mu utupu, ingeweza kuwa Dubai, ingeweza kuwa popote. Kwa foto kama hii shusha moshi ya juu, katikati ya fataki, mpaka mistari ipumue, lakini ile ya chini nyuma ya paa na shimine acha, punguza tu satirasyo yake kama machungwa imezidi.

Kipimo chenye mi natumika: kuza foto, angalia mikia ya cheche. Kama mikia imeanza kukatika, umeshusha sana, rudi nyuma.

Na mbele ya yote, kwa ingine mwaka, kusaidia kazi: simama upepo ikiwa mugongoni kwako, piga za kwanza kwanza juu mbingu iko bado safi, panga kamera ku ISO 100 na f/8 mpaka f/11, poze ya sekunde mbili mpaka ine badala ya nane. Kadiri poze, ule wakati kamera inabakia wazi, inakuwa ndefu moshi nayo inajichora. Foto za mwisho, pale banarusha zote pamoja, zitakuwa na moshi hata ufanye nini, na hapo kurbe haitoshi, dehaze haitoshi, chagua ya katikati ya programu na uendelee.

Mwisho, kutuma. WhatsApp inakamua foto na zile mistari za ngazi mu mbingu nyeusi zinarudi, hata kama ku ordinatere ilikuwa laini. Ongeza chembe kidogo, grain, ku mbingu mbele ya kusevu, zinavunja zile ngazi, na mukubwa akiomba foto ya kuchapisha tuma kama dokima, siyo kama foto. Na mwambie achapishe moja ndogo ya kujaribu kwanza, juu nyeusi ya ku ekra na nyeusi ya ku karatasi hazifanane, na moshi yenye ulificha karibu na nyeusi inaweza kutokea tena pale.